Kishoka cha kambi ya maombi

Jumanne, jioni.

Kishoka chenyewe sina la kukilaumu. Leo nimekijaribu uani: kimepasua kuni kwa pigo moja, na kisogo chake kimepigilia vigingi vya hema tutakamolala kwenye kambi ya maombi.

Lakini Mama Furaha, jirani yetu aliyerejea majuzi kutoka ukimbizini, alisikia mapigo yake, akaingiza wajukuu ndani na kufunga mlango. Mumewe aliuawa kwa shoka. Nilijua, nami nikasahau.

Nilikwenda kwake mikono mitupu.

"Muzee, iyo shoka iko ya nini?" aliuliza nyuma ya mlango.

"Iko ya kuni, mama. Ya kambi ya kanisa."

"Basi kuya upasule hapa, nione."

Nikakileta, nikapasua kuni zake zote. Hakutoka.

Nimekiacha kizingitini pake, mpini ukielekea ndani, ili akishike yeye. Nasali, lakini sikio langu liko kwenye mlango ule.