Pete za Kuvu

4 Februari

Kwako mdogo wangu, Bwana Kuvu,

Naanza na salamu, maana najua wewe ukishika kazi huli wala husalimii. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama wodini. Baba kwa mdomo hajambo, kwa tumbo ana jambo. Tangu wampasue na kumtolea utumbo ubavuni, mfuko wa kukingia choo haushiki siku nzima. Choo kinapenya chini ya gundi, ngozi imebabuka, na kwa kisukari chake haiponi. Pete zote za kuzibia kuzunguka tundu tulizo nazo kliniki zinamuunguza. Mimi muuguzi wa stoma, wa matundu ya tumboni kama hilo lake, ninayefundisha wenzangu, nimeshindwa na tumbo la baba yangu mwenyewe.

Dukani haendi tena. Mteja alileta saa ya ukutani, mfuko ukafunguka, Baba akainama chini ya meza akijifanya anatafuta skrubu mpaka yule mtu akachoka kusubiri. Tangu siku hiyo saa za watu zimelala sandukuni. Mfuko anauita mpangaji. "Mpangaji kaamka vibaya," ananiambia asubuhi, kisha anageukia ukutani nimsafishe.

Uliwahi kusema maabara yenu inatengeneza pete kwa kuvu. Ni kweli au yalikuwa maringo?

Dada yako

20 Februari

Dada mpenzi,

Shikamoo, na Baba mpe shikamoo yake mkononi. Mimi sijambo, baridi ya chumba cha kuoteshea tu imenipa mafua.

Si maringo. Tunaotesha nyuzi za kuvu, zile nyeupe zinazotambaa chini kabla uyoga haujatokeza. Zinashikamana mpaka zinakuwa kitu laini kinachonyonya maji na hakiunguzi ngozi. Kiumbe huyu hachoki, Dada. Kipande cha ukubwa wa ukucha ukikiweka kwenye pumba zenye unyevu, baada ya wiki mbili chombo kizima kimejaa.

Kampuni inatafuta muuguzi wa kuzijaribu pete hizi kwa wagonjwa, miezi miwili. Nimetaja jina lako. Peleka maombi kwenye kamati ya hospitali, na Baba awemo. Kila siku ya tatu mpige picha ngozi, rula ikiwa pembeni, na usichanganye na poda wala mafuta.

Mdogo wako

18 Mei

Mdogo wangu,

Za huko? Za huku ni njema mpaka naogopa kuzisema. Kamati ilikubali wagonjwa kumi na wanne. Baba nimemwachia mwenzangu ampime, asije mtu akasema nampendelea. Siku ya tisa ngozi ilikauka. Siku ya ishirini aliomba viatu vyake.

Sasa yupo dukani, lenzi jichoni, anawagombeza wateja wanaozipigapiga saa zao. Kila anayeingia anaambiwa, "Hii ya tumboni ni kazi ya mwanangu," hata kama kaja kubadilisha betri tu. Mbele ya mama mmoja alifunua shati kabisa. Mimi ninayemfuta kila siku sitajwi, lakini mtoto wa mbali ndiye mtamu, nimeshazoea.

Jaribio linaisha wiki hii na pete zimebaki tisa. Zinazofuata zinakuja lini?

Dada yako

9 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini wote ni wazima. Takwimu zako zimemfurahisha kila mtu hapa, picha zako zimetundikwa ukutani, na mimi nimepandishwa cheo, nasimamia chumba kizima.

Ila pete hazitakuja. Kampuni imesimamisha kila kitu mpaka hataza ipite, asije mwingine akaiba ubunifu. Wagonjwa warudi kwenye pete za zamani. Nilimweleza mkuu wangu habari za Baba. Alinisikiliza vizuri, akajibu kwamba kila mtu ana baba. Nimetia saini karatasi ya siri, Dada. Vumilieni kidogo.

Mdogo wako

1 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tupo. Mwambie mkuu wako maneno yake yamefika.

Baba alizikata pete nusunusu kwa mkasi wake wa kazi, kisha robo. Imebaki moja. Ubavu umebabuka upya na dukani anakaa mpaka saa nne tu, anarudi ameshikilia koti tumboni. Jana aliniuliza kama kuna neno baya alilokuambia hata umemsusa.

Nina swali, na kuuliza si ujinga. Nikichukua kipande cha pete hii ya mwisho nikakiweka kwenye pumba zilizochemshwa, hapa jikoni, kitaota? Nijibu ndiyo au hapana. Siri zenu sizitaki.

Dada yako

15 Julai

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Hilo siwezi kulijibu. Kila kinachofanyika kuanzia chomboni mpaka kwenye paketi ni mali ya kampuni. Ndiyo ni siri, na hapana pia ni siri. Nakuomba usiniulize tena kwa maandishi. Na simu usipige, laini hii ni ya ofisi.

Mdogo wako

2 Agosti

Mdogo wangu,

Habari za kazi? Sijakasirika. Nimekaa nikaifikiria barua yako nikaona umenijibu. Kama kisingeota ungesema hapana ukamaliza, kwani hapana ina siri gani? Umefunga mdomo kwa sababu jibu ni ndiyo. Asante, mtoto wa mama yangu.

Pumba zimeota. Nyeupe kama pamba, tena siku ya nne tu, upesi kuliko ulivyosema. Nimekata duara, nimelikausha juani, na Baba amelivaa leo.

Dada yako

19 Agosti

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu. Ngozi ya Baba imekuwa nyeusi kuzunguka tundu na weusi unatembea. Nimemlaza wodini kwangu. Nimemweleza daktari kila kitu, bila kuficha. Anauliza ni kuvu gani, apate kujua dawa. Maabara yetu itachukua siku nyingi, na Baba siku hizo hana. Niandikie jina lake tu. Nimekupigia simu mara sita.

Dada yako

12 Septemba

Dada mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena, na Baba shikamoo yake ya pekee. Habari za siku nyingi? Mimi leo ni mzima kuliko siku zote, kwa sababu hataza imepita na mdomo wangu umefunguliwa.

Najua umenuna. Barua zako mbili za Agosti zimo kwenye droo, sijazifungua. Mwanasheria wa kampuni alisema nikisoma chochote kinachohusu pete lazima niripoti, na ungeingia matatani wewe pia. Nikaona asiyesoma hana kosa. Simu nazo niliziacha ziite.

Sasa nakujibu lile la Julai, kwa raha zangu. Hapana, haiwezi kuota. Pete zikishakomaa tunazioka kwenye tanuri, kila kilicho hai ndani yake kinakufa, ndipo zinapakiwa. Ukikiweka kipande kwenye pumba, utakachovuna ni ukungu wowote uliokuwemo jikoni, na huo kwa mtu mwenye kisukari ni sumu. Nadhani hukujaribu, wewe unajua usafi kuliko mimi.

Nimetuma boksi la pete mia mbili. Mwambie Baba arudi mezani kwake, asionee haya watu.

Mdogo wako

25 Septemba

Mdogo wangu,

Barua na boksi vimefika. Hali sikuulizi, umeieleza mwenyewe.

Baba alifariki tarehe 27 Agosti, asubuhi, nikimbadilisha shuka. Majibu ya maabara yalikuja siku mbili baada ya kumzika: ukungu wa pumba, uliingia kwenye damu kupitia ngozi iliyobabuka. Niliandika taarifa kwa kamati mwenyewe, nikasema mkono ni wangu. Nimeachishwa kazi na sibishi. Mtu aliyesomea vidonda hakupaswa kufanya nilichofanya, nami nitakufa nikijua hivyo. Pete zako nimewapelekea wale wagonjwa wengine kumi na watatu. Zinashika vizuri. Hongera.

Limebaki neno moja. Lile duara la jikoni sikumwambia Baba kuwa ni langu. Alikuwa amekungoja miezi miwili. Nilimwambia, "Mwanao ametuma." Alicheka mpaka akakohoa, akavaa shati la dukani, akaenda kuwaonyesha watu.

Wodini, alipoona ngozi imekuwa nyeusi, alielewa ni ile pete. Alinishika mkono akasema, "Usimwandikie mdogo wako kwamba pete yake imeniua. Ataiacha kazi, na ameihangaikia."

Amekufa akijua ni wewe. Nilimwona akingoja nikubali, nami sikumsahihisha. Nilimwapia kwamba hutasikia kwangu.

Sasa umesikia.

Dada yako