Pijo Inayozimikia Kisimani

Kamachumu, Muleba
5 Februari 2024

Dada yangu Restituta,

Tumsifu Yesu Kristo. Mmeamkaje huko Rubafu? Shemeji Mwijage anaendeleaje pale kitandani, mkono umeanza kushika kikombe? Huku tuko wazima, ila nyonga yangu ni ile ile. Mguu haukunjiki kabisa, hata kanisani nakaa pembeni ya benchi ili niunyooshe njiani, watu waniruke.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuelewani tena, masikio yako hayo. Juzi nimekuuliza habari za macho ukanijibu habari za maharage. Barua nampa mwanangu Avit dukani kwake mjini Kashai, na wewe jibu lipitie kwake.

Ni Avit huyo aliyeniambia. Eti daktari amesema presha ya macho ikishaharibu hairudishi, na kwamba unaona katikati tu, pembeni kote kumeshafunga. Dada, mbona hukuniambia mwenyewe? Nimelia mpaka mume wangu akazima redio. Nataka unione na mimi nikuone kabla hayajafunga yote. Lakini nifikeje? Teksi tulijaribu mwaka jana, mguu ukakwama kwenye dashibodi, kufika Muhutwe nikaomba turudi. Hiace ndiyo usiseme.

Sasa sikia kioja. Jana baada ya misa mume wangu Kahangwa kaenda nyuma ya nyumba na panga, kaanza kufyeka magugu yaliyofunika ile pikapu yake ya Pijo. Unaikumbuka? Ile aliyobebea kahawa enzi zile tuna meno yote. Imesimama mgombani tangu Avit yuko shule ya msingi, kuku wanatagia ndani. Namuuliza, baba Avit, unafanya nini? Akasema, "Kiti cha mbele ni kimoja kirefu, hakina kitu katikati. Ukikaa kiubavu mguu unalala." Basi, akaendelea kufyeka.

Avit anasema tuiuze chuma chakavu. Wewe unasemaje?

Mdogo wako,
Vestina


Rubafu
18 Februari 2024

Mdogo wangu Vestina,

Milele amina. Shemeji yako anakusalimu. Kikombe anashika, ila anachagua: cha chai kinamponyoka, cha rubisi, pombe yake ya ndizi, hakimponyoki.

Macho sikukwambia kwa sababu ungelia, na umelia. Nakujua. Naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Barua yako nimeisoma kwa kuisogeza neno moja moja, imenichukua tangu chai hadi chakula cha mchana. Kuja huko siwezi, Mwijage nitamwachia nani wa kumgeuza? Basi nisikufiche tena: nataka kukuona uso. Si zile picha za kwenye simu ya Avit. Uso.

Haya, tuje kwenye gari. Panya wamekula nini? Injini inazunguka au imeganda? Breki je? Shemeji Kahangwa alikuwa dereva, sawa, lakini tangu lini akawa fundi? Vifaa vya Pijo ya zamani vile anavitoa wapi? Niandikie kila kitu, hata usichokielewa. Nimechoka kukaa hapa nikisubiri giza, nipe kitu cha kufikiria.

Na huyo Avit mwambie akiiuza asikanyage kwangu.

Dada yako,
Restituta


Kamachumu, Muleba
9 Aprili 2024

Dada,

Pasaka mmeilaje? Hapa tumekula salama, ingawa mwenye nyumba alikuwa chini ya gari nikampelekea sahani huko huko. Umetaka kila kitu, haya kunywa.

Injini ilikuwa imeganda. Kahangwa alifungua plagi zote, akamimina oili kwenye yale matundu, akaiacha inywe. Kila asubuhi kabla ya chai anakwenda na spana kuijaribu, anarudi haijazunguka, nami namwekea chai. Siku moja nikaona mtu anaingia jikoni ana oili hadi viwikoni, anacheza! Imezunguka, mama Avit, imezunguka! Mzee mzima, dada, anacheza jikoni kwangu na buti zake.

Panya wamekula nyaya zote. Chini ya kiti wamejenga kwa kitenge changu, kile ulichoniletea ubatizo wa Avit, nimekitambua kwa ua lake. Anakofanyia kazi amelalia mkeka wangu wa kuanikia kahawa, sasa unanuka grisi, na msimu ndio huo unakuja. Nimempigia kelele. Akaniambia kahawa inaweza kusubiri, Restituta hawezi.

Wala harudishi tu kilichokuwepo, anaboresha! Dinamo katoa, kaweka altaneta ya gari la Kijapani, taa ziwake vizuri. Breki za mbele za zamani zilikuwa za kuomba Mungu, kwa hiyo kaweka za diski, na zilipokataa kukaa Avit akapeleka vyuma vikachongwe huko Kashai. Ndiyo, Avit. Sasa yeye ndiye anayemtafutia baba yake vifaa, anapiga simu kila jioni kuuliza vimekaa au havikukaa.

Na mimi nikiwa namenya ndizi, huyu mzee kaja na utepe wa mgomba akanipima mguu, tangu nyonga hadi kisigino. Kisha kakata ile rafu ndogo ya chini ya dashibodi kwa kipimo hicho hicho. Tangu anioe hajawahi kunipima hata gauni.

Mfuniko wa tangi la petroli umepotea. Huo nao hakutaka kuusubiri kutoka mjini, kachonga kizibo cha mti kama vile vya vibuyu vya rubisi, kakivisha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kinabana hasa! Hata harufu ya petroli haitoki. Anamwonyesha kila anayepita.

Macho yanasemaje?

Mdogo wako,
Vestina


Rubafu
28 Aprili 2024

Vestina,

Usicheke mwandiko. Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia magunia, ndiyo maana karatasi inaisha upesi.

Macho yanasema fanyeni haraka.

Imeshanguruma? Na mguu unalala kweli pale kitini, umejaribu?

Dada yako,
Restituta


Kamachumu, Muleba
23 Mei 2024

Dada yangu,

Habari za huko? Za huku ni nzuri nusu, na nusu nyingine sijui niiiteje.

Imenguruma! Kuku walikimbilia kwa jirani Byabato, mmoja hajarudi hadi leo. Bomba la moshi limetoboka, kwa hiyo mlio wake unasikika hadi kwa padri. Na mguu unalala, dada, unalala kabisa, nimekaa mle kama malkia wa ng'ambo.

Lakini haivuki kisimani. Unakijua kile kisima ukianza kuteremka kwenda Muhutwe? Tunatoka nyumbani inakwenda vizuri, tukikaribia kisima inaanza kukohoa, tukifika kisimani inazima. Leo hivyo, kesho hivyo. Kahangwa kabadilisha plagi, kabadilisha platini, kabadilisha koili, pampu ya mafuta kaifungua na kuifunga. Wapi! Kisimani, kimya.

Byabato anasema kisima kile kina mambo yake, eti babu zake walikuwa hawapiti na mzigo bila kuacha chochote. Kahangwa akamjibu hawezi kuachia kisima koili. Lakini nimemwona siku ya pili akipita pale amevua kofia.

Cha ajabu ni hiki. Ikizima, Kahangwa hushuka, anazibua tangi kuangalia kama petroli imeibwa. Ipo. Anaziba kwa nguvu zake zote, anapiga stata, inawaka! Tunageuza kurudi kwa sababu naogopa kwenda mbele, na tukiingia uani inakohoa tena. Kwa hiyo hata nyumbani kwetu nako kuna mambo?

Dada, Kahangwa hali vizuri. Anakaa kwenye ngazi ya nyumba anaitazama tu. Avit amekata tamaa tena, kamwambia mtu wa chuma chakavu aje mwezi ujao aione. Nakaa kwenye kile kiti kirefu, mguu umelala vizuri, nalia.

Mdogo wako,
Vestina


Rubafu
2 Juni 2024

Vestina,

Salamu baadaye. Nisikilize.

Kisima hakina kosa. Barua yako nimeisoma, nikairudia, nikaiweka kwenye mto. Kilichokuwa kinanisumbua ni lile la kuzibua tangi. Mbona inawaka baada ya hapo?

Sasa shemeji yako Mwijage anakunywa rubisi yake kwa mrija, kwenye chupa ya plastiki, kwa sababu kikombe kikimwagika natandika upya. Nilitoboa kizibo, nikapitisha mrija, nikaziba pembeni kwa nta ya nyuki isivuje tone. Basi anavuta vizuri, anavuta, halafu anakwama. Ananikodolea macho kana kwamba nimemnyima. Nilifikiri amelewa! Jana nikaisogeza ile chupa kwenye katundu kangu ka kuonea, nikakuta imebonyea mbavu. Nikalegeza kizibo, ikavimba ikarudi kuwa chupa, naye akaendelea kunywa kama hakuna kilichotokea.

Umeelewa? Rubisi ikitoka lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, mnywaji anavuta mpaka anashindwa. Gari lenu linakunywa petroli, na Kahangwa kaziba kama anaficha kibuyu kwa wakwe. Akizibua kutazama, tangi linavuta pumzi, basi linakwenda tena kipande kile kile, mpaka nyumbani au mpaka kisimani.

Mwulize: akizibua, kuna kitu kinalia fyuuu? Kama kinalia, atoboe kizibo katundu kadogo. Kama hakilii, unicheke, mimi ni kikongwe kiziwi anayechungulia chupa. Ila mjaribu kabla huyo wa chuma chakavu hajaja. Nakuomba, mdogo wangu. Wiki hii sikuona tena mlango wa jikoni mpaka nilipougonga.

Dada yako,
Restituta


Kamachumu, Muleba
11 Juni 2024

Dada, dada, dada!

Inalia fyuuu!

Nilimsomea barua yako pale kwenye ngazi. Akainuka, akaiwasha, akaenda nayo peke yake. Ikanyamaza kule kisimani. Mimi nikachukua fimbo yangu nikamfuata taratibu, nikamkuta kainama kwenye tangi, sikio kaliweka pale pale. Akaniambia, "Kila siku nilikuwa naisikia hii, nikadhani ni kizibo changu kinavyobana vizuri."

Tulicheka, dada, mpaka waliokuja kuchota maji wakaweka ndoo chini.

Kachoma waya wa mwavuli ukawa mwekundu, katoboa, na juu kaweka kofia ndogo ya bati mvua isiingie. Tukapita kisimani. Nilishika msalaba na macho nimefumba. Tukapita Muhutwe, tukaenda hadi Kemondo tukatazama ziwa, tukarudi, haikukohoa hata mara moja. Njiani Kahangwa ananiambia, "Nilikuwa nakaribia kulijua hilo." Nikamwambia, unakaribia wapi, ulikuwa umeshaanza kuvua kofia!

Yule wa chuma chakavu tulimkuta anapandisha kuja kwetu. Kahangwa akampigia honi.

Tunakuja Jumamosi. Avit tutampitia Kashai, atakaa nyuma na ndizi. Usipike, mimi nabeba. Wewe simama uani mahali penye mwanga, usivae miwani ile myeusi, na uso wako uusafishe.

Mdogo wako,
Vestina


Rubafu
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Vestina,

Anayeandika ni mkwe wangu Joanitha, aliyekuja kunisaidia, mimi nasema. Nimemwambia aandike hivi hivi: usilie.

Shemeji yako hajambo, anakula senene mliotuma na hamgawii mtu. Asanteni. Mimi macho yamefunga. Ni mwezi uliopita, asubuhi nikasema mbona leo hakuchi, na kumbe kumekucha. Nililia siku hiyo, sitakudanganya. Nililia tena kesho yake. Sasa natandika kitanda, napika, na chupa ya Mwijage naipima kwa kidole kama imebonyea.

Lakini nataka nikwambie la Juni, maana siku ile tulikuwa na watu wengi. Ulipokuwa unashuka kinyumenyume na Kahangwa amekushika kiuno, mimi nilikuwa nimeshaanza. Nilikutazama kipande kwa kipande, kwa sababu mzima hukuenea kwenye tundu langu. Jicho hili. Kisha lile. Kisha pua ya mama. Ulikuwa na grisi shavuni na hakuna aliyekwambia njia nzima. Ukaniuliza, unaona nini? Nikasema naona mdogo wangu amezeeka vibaya. Ukacheka, nikaliona na pengo. Nilichotaka nilikipata chote, Vestina. Ninakitazama sasa hivi Joanitha anavyoandika. Wengine watakuona ukizidi kuzeeka, kwangu umeishia pale, na grisi yako.

Sasa kuna jambo la gari. Avit amepita hapa akasema Kahangwa anataka kubadilisha bomba la moshi, aweke jipya lisilo na kelele, Krismasi mje kama watu wa mjini. Mwambie shemeji asithubutu! Macho sina, masikio yangu mnayajua. Gari la kimya litafika hadi mlangoni mimi nimekaa tu kwenye kigoda kama mzigo. Lakini hili lenu nalisikia kuanzia kule kanisani, linanitetemesha hadi kifuani, na kutoka kanisani hadi hapa ni muda wa kutosha mtu kujifuta mikono, kupapasa ukuta, na kufika uani.

Mnikute nimesimama.

Dada yako,
Restituta