Usimrudishe Khubaib Maskati

Mtaa wa Kuze,
Mombasa.
9 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Taib,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani, na wifi yangu Salma je? Goti lako limepoa? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila mvua za mwezi huu zimenibana kifua kidogo. Nakunywa tangawizi, usiwe na wasiwasi.

Juzi ulinikatia simu, mimi dadako niliyekubeba mgongoni! Basi nimeona niandike, maana barua huwezi kuikata katikati. Anayekuletea ni Lamis, binti wa jirani yetu, aliyepata kazi huko Maskati.

Umesema utalifunga jiko la halwa la marehemu baba na kumrudisha Khubaib kwako, kwa sababu ya ile halwa ya arusi iliyoungua. Hebu tulia kwanza unisikilize.

Mwanao hakufanya uzembe. Alipokuja kulisimamia jiko aliwaona wapishi wamechoka, akataka kuwatia moyo. Akapitisha kila mmoja awe na sufuria yake, na kila mwisho wa mwezi picha ya mpishi bora itundikwe dukani, mbele ya wateja. Nia njema kabisa. Wa kwanza kutundikwa alikuwa Abdulbasit, na siku hiyo alikuja na kanzu mpya, ungesema ni yeye bwana arusi!

Lakini unakumbuka jiko letu lilivyokuwa. Halwa ikianza kuwa nzito mkono unachoka, na mwiko haufai kusimama hata kidogo. Aliye karibu akiona jasho linakutoka anakuja tu, anaupokea, wewe unakwenda kunywa maji. Hakuna aliyeitwa wala aliyengoja shukrani. Tangu ile picha itundikwe, hakuna tena aliyepokea mwiko wa mwenziwe. Hata vicheko vikakatika, kila mtu macho kwenye sufuria yake.

Siku ya halwa ya arusi, Nicanor mkono ukamkakamaa. Unamkumbuka, yule bwana wa bara aliyeanza kazi zama za baba. Akatazama huku na huku. Kuita akaona haya, na wenzake wakajifanya hawaoni. Halwa ikashika chini, ikaungua. Khubaib, kwa kuchanganyikiwa, akamfokea mbele ya watu waliokuja kuichukua. Nicanor akavua aproni, akaenda zake kwake Makupa. Iliniuma sana, Taib. Nililia.

Mwanao hakula siku ile. Kesho yake aliitoa picha, akaenda Makupa kumwomba radhi. Nicanor alimkaribisha chai, akamjibu kwa adabu, lakini habari ya kurudi kazini hakuitaja. Khubaib akaja, akaweka sufuria moja kubwa kama zamani, akashika mwiko mwenyewe ili wale wenye arusi wapate halwa nyingine.

Ebo! Mikono ile ya kompyuta! Malengelenge yakamtoka. Abdulbasit na wenzake wanamwangalia tu, hawajui wamsogelee au vipi. Mimi niko mlangoni, roho mkononi. Halwa ikawa nzito, mabega yanamtetemeka, wala hakumwita mtu. Mara nasikia nyuma yangu, "Mama, nipishe." Nicanor! Akapita, akanyoosha mkono, akaupokea mwiko. Alipochoka yeye, Abdulbasit akaupokea bila kuambiwa.

Sasa jiko lina kelele tena, na wateja wamerudi kuisifu halwa yetu. Mtoto amekosea kwa kutaka mema, na amejirekebisha mwenyewe. Sasa unamwondoa kwa nini? Niachie mwanangu hapa, Taib, tafadhali.

Nisalimie Salma na wajukuu wangu wote. Abdulbasit anakusalimu, na Nicanor pia. Mola akuponye goti, akulainishe na moyo.

Lamis atakupa kikapu. Najua Maskati hamkosi halwa, lakini hii ni ile ile aliyoanza kuikoroga mwanao. Ni ngumu kidogo. Ukishaila mpigie umwambie ni tamu, na simu usiikate mpaka umsikie anacheka.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata ukinikatia simu,
Mwanabaraka