Bunduki Moja kwa Mabega Mawili

Basi ndiye huyohuyo Rufus, mpendwa mshauri, yule niliyekuandikia habari zake mwaka jana kwamba kila Jumapili analala kwenye tope kulenga sungura wa chuma, ukaniambia nisimnunie, nichukue chupa ya chai nimfuate, nami nilimfuata, na sasa tuna wiki saba za ndoa na kila asubuhi namtazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na bado haamini kuwa ni chake. Naomba tena msaada wako. Mwezi uliopita Bi Winifred wa klabu yetu ya kulenga shabaha aliniazima bunduki yake ya upepo, ile inayojazwa upepo kwanza kisha inapiga bila kukusukuma bega, nikaangusha sungura ishirini na tisa kati ya arobaini, na Rufus, kwa bunduki ya springi aliyorithi kwa babu yake, akaangusha ishirini na wanne, akanibeba juujuu mbele ya watu akisema, "Mmeona nilichooa?"

Tukaenda dukani kunitafutia yangu ya kwanza, ya bei tunayoiweza. Kulikuwa na moja fupi, nyepesi, kitako cha plastiki, na komeo lake la kuingizia risasi linahamishika upande wa kushoto, maana mimi natumia mkono wa kushoto; na kulikuwa na nyingine ndefu, kitako cha mti wa mjozi, na Rufus alipoishika ili anionyeshe, macho yake yaling'aa kama siku ile kanisani, nikasema haraka, "Hii ndiyo niitakayo," ingawa komeo liko kulia na uzito wake ulinilemea, kwa sababu nilitamani tuwe na kitu kimoja cha sisi wawili. Ndiyo itamaliza akiba yetu yote. Muuzaji akauliza, "Na upepo mtajazia nini?" Rufus akasema, "Pampu ya baiskeli ninayo." Muuzaji akakohoa, akatazama dari. Ametuwekea hadi Jumamosi. Nikimwambia Rufus kweli, kwamba ile fupi ndiyo inayonifaa, si nitamnyang'anya furaha yake?

Clemency, Ludlow

Clemency mwanangu,

Chai yangu imemwagikia barua yako kwa sababu ya hiyo pampu ya baiskeli. Mwambie Rufus ile ni ya magurudumu. Bunduki yako inataka upepo wenye nguvu mara nyingi zaidi, na asipoutafutia njia, mtabaki na fimbo nzuri ya mjozi.

Sasa wewe. Bunduki si blanketi la kujifunika wawili. Chukua ile fupi, muuzaji akuhamishie komeo kabla hujatoka dukani, na akuthibitishie kwamba nguvu yake haihitaji leseni. Kwa pesa zitakazobaki nunua pampu ya mkono iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye geji ya kupimia upepo, na mpumzike mnapojaza ili isipate joto. Darubini ya kulengea mwombe Bi Winifred ile yake ya zamani. Risasi jaribu aina tatu nne, kila bunduki ina tumbo lake. Ukirudi nyumbani, ifungie kabatini kwa ufunguo.

Halafu nikugombeze kidogo. Ndoa ya wiki saba na tayari unamdanganya mumeo eti kwa mapenzi? Nimesoma barua yako mara mbili, sijaona mahali Rufus aliposema anataka kuiacha bunduki ya babu yake. Unasema macho yake yaling'aa alipoishika ile ndefu. Na wewe ulikuwa umesimama wapi? Mbele yake. Hujui alikuwa anatazama nini, kwa hiyo muulize leo, mkiosha vyombo, kabla ya Jumamosi.

Kama unataka kitu cha wawili, ni hiyo pampu. Wewe lenga, yeye ajaze. Sungura wako wakianguka, nusu ni wake, na atajisifu klabu nzima.

Kabla mwezi huu haujaisha nitapanda treni nije Ludlow, Jumapili, na keki ya tangawizi mkononi. Nikukute wewe topeni, na Rufus kwenye pampu, jasho linamtoka.