Makopo Sitini ya Katonga

Jumatatu, 14 Julai 2025

Hongera kwangu! Digrii ya kwanza, sasa ya pili, na leo nimegawa makopo ya kupimia choo Katonga, kando ya ziwa. Dokta Erasto, msimamizi wangu, anaita hii "fursa ya utafiti". Fursa ni moja, sisi wanafunzi watatu. Atakayeleta sampuli sitini za kichocho cha tumbo kufikia Jumatano ndiye atabaki kwenye mradi. Wengine wakatafute mada nyingine, na mwaka mwingine. Sina mwaka mwingine.

Makopo, kila moja na jina la mtu, nimemwachia Mama Winfrida, balozi wa nyumba kumi. Kasema nisihofu, mgeni wake haaibiki.

Jumatano, 16 Julai

Sitini! Yote! Wenzangu wana kumi na tisa na ishirini na mbili. Nimewapa pole kwa sauti ya huzuni kabisa.

Hata Mzee Dismasi, mwanika dagaa mwenye tumbo lililovimba, kopo lake limo.

Alhamisi, 17 Julai

Wenye kichocho: wanne. Watu wanaoshinda ziwani wakioga, wakifua, wakiosha masufuria — wanne! Dokta kafurahi, anasema ni ugunduzi. Mzee Dismasi hana kitu. Labda lile tumbo ni la raha.

Nimempigia Mama Winfrida awape majibu. Kisha nikakosa raha mimi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimerudi Katonga asubuhi. Nikauliza kwa upole, ilikuwaje wote sitini wapate choo siku moja?

Mama Winfrida kanishangaa. Si wote! Waliokosa walijaziwa.

Na nani?

Na Regina, mkwe wake. Kaja juzijuzi kutoka Kalinzi, kule milimani, ziwa analiona kwa mbali. Makopo thelathini na moja! Kijiko kidogo kidogo. Mwanamke ana moyo.

"Sasa mwanangu, chombo cha mtu unamrudishia kitupu? Wewe umelelewa wapi?"

Kwetu Mwandiga, mama. Nimelelewa hivyo hivyo.

Mzee Dismasi? Naye kajaziwa. Nimemkuta kwenye vichanja vya dagaa, anacheka. Jumatatu ijayo alikuwa aende hospitali, kaahirisha — si nimemwambia ni mzima? Kanishukuru kwa bakuli la dagaa. Nikapokea! Nikapanda bodaboda na bakuli lake, yeye bado anajiona mzima.

Saa sita kasoro robo mchana. Fomu ya Dokta inataka sahihi yangu tu: sampuli zote ni halali. Anapiga simu, mara ya tatu hii. Bakuli la Mzee liko mezani, nimeshaliosha. Na hili nalo nitalirudisha na nini —