Tumbo la Ukoo wa Baba

Muleba, Jumamosi, Novemba 1955. Mvua tangu alfajiri.

Shajara yangu, leo moyo ni mzito na sina pa kuutua isipokuwa hapa.

Huko nje watu wanaifurahia mvua hii kwa sababu ndiyo inayoleta senene, panzi wetu wa kuliwa. Nawasikia watoto wa jirani wakiwafukuza kwenye nyasi na kupiga kelele. Mimi niko ndani. Bado ni omugole, bi harusi anayewekwa ndani baada ya ndoa, asishike jembe wala mtungi wa maji. Kazi yake ni kula na kunenepa, hadi mama mkwe aridhike na kumtoa nje watu wamwone.

Na nimekula, Mungu anajua. Ndizi na maharage asubuhi, ndizi na samaki mchana, maziwa ya mgando yaliyotiwa samli jioni. Mama mkwe alinipikia mwenyewe, akaketi kando yangu mpaka sahani iishe. Mama yangu mzazi hakuwahi kunidekeza hivyo. Nilimpenda upesi, kuliko nilivyotegemea kumpenda mama wa mtu mwingine.

Mwili nao ulipokea, ila kwa namna yake. Wifi yangu alipowekwa ndani, wanasema, alitoka na mapaja ya kujaza mlango na mikono kama ya mtoto mchanga. Mimi miguu imebaki vijiti vilevile nilivyokuja navyo. Mikono vilevile. Kila tonge nililokula lilikwenda kukaa tumboni, mbele, juu ya kitovu.

Mama mkwe aliliona tumbo, akapiga vigelegele.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia siku ileile, kwa aibu, kwamba damu ya mwezi bado naiona, ingawa kidogo na kwa kuchelewa. Alicheka. "Hata mimi nilipombeba Rwegasira niliiona. Kila omugole hukataa. Nyamaza, mwanangu, usimkane mtoto akisikia." Rwegasira ni mume wangu, na ni mwanawe wa pekee wa kiume. Baba yao alifariki mwaka jana. Tangu hapo mama huyu anangoja kitu kimoja tu, mjukuu wa kubeba jina la marehemu.

Basi ikawa kila asubuhi baada ya sala anaingia chumbani kwangu, anaweka kiganja chake tumboni, anasalimu. "Umeamkaje, mzee wangu?" Kiganja chake kina joto na kinanuka moshi wa kuni. Huko shambani alikwisha kuchagua mgomba ambao kondo la nyuma lingezikwa chini yake. Alinionyesha kupitia dirishani. Aliupalilia na kuuwekea nyasi kila wiki, migomba mingine ikiota magugu.

Nami nikaanza kuamini.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu mzima, niliyesoma shule ya wasichana ya misheni, niliyefundishwa mambo ya mwili ubaoni, nikaanza kuamini kwa sababu alikuwa na furaha kiasi kile. Nilisikia kitu kikicheza ndani. Sasa najua zilikuwa ndizi na maziwa. Lakini nililala nikikishika kitu hicho kwa mikono miwili, na nilikuwa nimekwisha kukipenda.

Alhamisi tulikwenda Bukoba. Mama mkwe alitaka mtoto asikilizwe na mkunga wa hospitali, kwa kuwa tumbo lilikuwa limeacha kukua. Alinifunika kanga kichwa hadi miguu, maana omugole haonyeshwi watu ovyo, tukapanda basi mimi, yeye na Rwegasira. Rwegasira alibaki nje kwenye benchi. Ndani kulikuwa na picha ya Malkia ukutani na mkunga wa Kizungu mwenye Kiswahili cha kitabuni. Alibonyeza tumbo langu kila upande. Kisha akaweka pembe yake ya mti juu yake, akatega sikio.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Mama mkwe alikuwa akitabasamu muda wote huo.

"Hakuna mtoto," mkunga alisema.

"Sikiliza tena, waitu," mama mkwe alimwambia kwa neno letu la heshima. Lilikuwa ombi, kwa sauti ya mtu anayepiga magoti. Yule mkunga, Mungu ambariki, akainama akasikiliza tena, ingawa alijua.

Halafu akaniuliza nani kwetu mwenye umbo kama langu. Sikuhitaji kufikiri. Nikawaona shangazi zangu wa Rubafu wakitoka kanisani Jumapili, wamepangana, miguu ya korongo na matumbo yametangulia. Nikamwambia ni dada za baba. Mama yangu amejaa nyonga, ila mimi sikuchukua kwake. Mkunga akasema kila mwili una mahali pake pa kuweka akiba ya mafuta, na mahali hapo mtu huzaliwa napo, hurithi kama anavyorithi urefu au kipara. Chakula kinaweza kuongeza akiba, lakini hakiwezi kuihamisha iende mapajani.

Shuleni tulifundishwa hivyo kwa kupandanisha maharage meupe na mekundu. Hakuna aliyetuambia kwamba iko siku maharage hayo yatakuwa sisi.

Kwenye basi la kurudi mama mkwe alitazama dirishani mpaka Muleba.

Jana akaja baba mdogo wa Rwegasira. Hakutaka hata kahawa ya kutafuna anayowekewa mgeni. Alisema mwanamke anayeingia nyumba ya msiba akaidanganya kwa tumbo arudishwe kwao, na kijana atafutiwe mwingine. Nilisikia yote nyuma ya pazia. Nilimngoja mume wangu aseme kitu. Rwegasira si mtu mbaya. Alitazama chini, akasema, "Tutaona, baba." Nimelia zaidi kwa maneno hayo mawili kuliko kwa yote ya mzee.

Leo asubuhi, mvua ikinyesha, aliingia shangazi Koku kutoka Rubafu, ameloa chapachapa. Habari zilimfikia sokoni Bukoba. Alisalimu kwa heshima zote, akapiga magoti kama inavyotakiwa, kisha akaniita nitoke nyuma ya pazia nisimame kando yake. Akakaza kanga yake kiunoni. Kweli mtoto wa nyoka ni nyoka. Mbele ya mama mkwe, mume wangu na baba mdogo aliyelala kwetu, yalisimama matumbo mawili yaliyofanana na jozi nne za vijiti, ukihesabu na mikono.

"Mngeniuliza kabla ya kupiga vigelegele," alisema. "Sisi sote tuko hivi tangu bibi yetu. Nimezaa watoto sita, na majirani hawakujua nina mimba hata moja mpaka waliposikia kilio cha mtoto. Huyu hakudanganya mtu. Aliwaambia hapana, mkamcheka."

Baba mdogo alikohoa, akachukua kahawa, akaanza kutafuna. Rwegasira aliinua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Mama mkwe ndiye aliyekata neno. "Atabaki," alisema. "Ni kweli aliniambia." Kisha akamgeukia shangazi, machozi yakimtoka bila sauti. "Lakini dada yangu, siku atakapobeba kweli, mimi nitajuaje?"

Shangazi akalegeza kanga yake kiunoni.

Nimebaki, basi. Nilipaswa kushukuru, na nashukuru. Jioni hii nimekuta jembe limeegemezwa mlangoni kwangu. Kesho Jumapili, Jumatatu natoka kwenda shambani. Hakutakuwa na wageni wala ngoma ya kumtoa omugole. Nimechungulia dirishani, nikaona mbuzi wamefungwa kwenye ule mgomba aliokuwa akiupalilia.

Mtoto ambaye hakuwapo, unamliliaje? Hana kaburi, na hakuna atakayekuja kunipa pole. Nikimlilia kwa sauti watasema bado nadanganya.

Leo niliamka mapema kama kawaida. Niliisikia sala yao ikiisha upande wa pili wa ukuta, nikajilaza chali, nikafunua kanga, nikangoja. Nyayo za mama mkwe zilikuja mpaka mlangoni, zikasimama, zikarudi jikoni.

Tumbo ni lilelile la wiki iliyopita. Nimeliwekea mkono wangu mwenyewe, lakini ulikuwa wa baridi.