Kicheko Nilichokitoa kama Nyongeza

Guangzhou, China
Jumapili, baada ya mvua

Kwa Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiomba barua hii ikukute umeketi, chai iko karibu, na goti lile la kulia limekupumzisha angalau leo. Ile dawa ya kupaka niliyompa mwenzetu wa Yala akuletee, ilifika? Na paa la hapo Kaloleni bado linavuja juu ya kabati, au Akinyi amepata fundi? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Ya moyoni ndiyo yamenifanya nichukue kalamu badala ya simu, kwa sababu kwenye simu ungeniuliza, "Ochieng', iko nini?" nami ningesema hakuna kitu, kama ninavyosema kila wiki.

Mama, mchezo wetu wa simu umekufa. Nakuambia mapema ili usisome kurasa zote ukitafuta habari njema.

Unajua ulivyoanza. Dada yangu Akinyi alichora kila kitu katika chumba chake cha Migosi: meza yako ya sokoni Otonglo, mabeseni ya vile visamaki vya omena, mkebe wa kupimia, malori ya Busia yakipita. Mimi nikaandika programu. Anayecheza anakuwa wewe. Anapima omena, anafukuza nzi, anajibizana na wateja, na akishapima anaweza kutia nyongeza, konzi moja juu ya kipimo. Nyongeza inamtia hasara siku hiyo, lakini mteja yule anarudi kesho na jirani yake. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote ya mchezo, na niliitoa kwako. Nilikuwa nikimkumbuka yule mama wa chapati alivyokuwa akikushikilia, "Mama Ochieng', ongeza bana, hii ni ya watoto," nawe unamjibu, "Wewe ni mtu ya kusumbua. Shika, na kesho usipokuja nitakutafuta kwako."

Huku mgeni hawezi kuingiza mchezo sokoni peke yake. Lazima kampuni ya hapa imbebe, iuombee mchezo wake kibali cha serikali, kisha iupeleke katika maduka ya michezo yaliyo ndani ya simu, maana kila aina ya simu ina duka lake. Ndiyo sababu nilimwendea bosi wangu, Bwana Lin. Kazi yetu ofisini kwake ni hiyo hiyo, kuitengeneza michezo ya wageni ili Wachina waikubali. Kwanza aliondoa ile sala unayoomba asubuhi kabla ya kufungua meza, maana mambo ya dini yangezuia kibali. Sikubisha. Kisha wakawapa watu wachache waujaribu, waone ni wangapi watarudi siku ya pili. Wengi hawakurudi. Waliandika kwamba mchezo una hitilafu, mwenye duka anagawa bidhaa bure. Nyongeza yako, Mama, iliingizwa kwenye orodha ya makosa ya kurekebishwa, pamoja na maandishi yaliyopinda na kitufe kisichobonyezeka.

Wakarekebisha. Mteja akitaka nyongeza, anayecheza anatazama tangazo kwanza. Hata hivyo watu hawakurudi, na mwezi uliopita Bwana Lin alisema hatauombea kibali. "Ni mchezo mzuri," aliniambia, "lakini si wa watu wa hapa." Akaendelea na chai yake. Michezo mingi hufa hivyo ofisini kwetu. Mimi mwenyewe nimeizika mingine, ya watu wa mbali kama sisi, na jioni nikaenda kula.

Kama ingekuwa hayo tu, ningekupigia simu. Lakini liko kosa nililolifanya kwa mkono wangu, na nina aibu kukuambia.

Siku ya kutia sahihi, kabla ya majaribio hayo yote, Bwana Lin alitaka mchezo tu, tena kwa China tu. Tulielewana vizuri, nikafurahi, na furaha ikaniponza. Nilifanya ulivyonilea. Kipimo kilipojaa, nikatia konzi juu. Nikamwambia, "Na picha ya Mama na kicheko chake pia ni vyenu kabisa, tumieni popote mnapotaka. Hiyo ni nyongeza." Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo, kwetu biashara hufanywa hivi, ili mteja arudi. Akanipa karatasi, nikaandika, akagonga mhuri mwekundu. Nilitoka pale nikijiona mfanyabiashara, mtoto wa mama yake.

Kicheko chenyewe unakikumbuka. Akinyi alikuwekea simu mdomoni akurekodi, ukakataa. "Nitacheka nini na hakuna kitu ya kuchekesha? Mnataka watu waseme nimeruka akili?" Akinyi akasema, "Mama, kumbuka tu ile siku Baba alitoka soko ya Kibuye na viatu mbili, zote za kushoto." Ukajaribu kujizuia, ukashindwa. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Na akavaa," ukasema, "baba yenu akavaa, akaenda nazo kanisa." Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilikusikia ukicheka tangu tumzike Baba.

Mchezo ulipokufa, kicheko kilibaki nao. Watu wa matangazo hutengeneza video fupi fupi, kisha huangalia ni wapi kidole cha mtazamaji kinasimama. Kinasimama kwako. Sasa unacheka katika tangazo la mchezo wa karata, na la mchezo wa kupanga peremende, na la programu ya kununulia sabuni, vitu visivyojua Otonglo ni wapi. Jumanne asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye treni ya chini ya ardhi nikakusikia nyuma yangu. Niligeuka, Mama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukuita. Alikuwa mzee mmoja na simu yake, sauti ameifungua mpaka mwisho, anatabasamu. Akapitisha kidole, ukanyamaza. Nilitaka kumwambia huyo ni mama yangu, anacheka viatu vya baba. Nikashuka kituo kisicho changu.

Nilimwomba Bwana Lin akiondoe. Hakukasirika. Alifungua kabati akanionyesha mwandiko wangu. "Hukuombwa," akasema. "Ungetaja bei, ningekupa bei." Na ni kweli.

Mwambie Akinyi asiuweke mchezo sokoni huko nyumbani kama alivyowaahidi wenzake wa kwaya. Ile sura aliyoichora miezi yote ile si yake tena popote, na mimi ndiye niliyemnyang'anya. Najua aliacha kufundisha kwa ajili ya mchezo huu. Sijui nitamtazama vipi.

Na bado Bwana Lin anataka vicheko vingine. Wana mashine waliyoifundisha sauti yako, lakini kwa kicheko kimoja inakosea, inacheka kama mtu aliyepaliwa na ugali. Wanataka kirefu, kifupi, cha mtu aliyeshinda, cha mtu aliyeshindwa. Wakivipata, mashine itacheka yenyewe na hawatakuhitaji tena. Kibali changu cha kazi kinaisha mwezi ujao, na yeye ndiye hukitia sahihi. Hakusema mambo haya mawili yanahusiana. Alisema tu, "Ongea na mama yako." Nikasema nitaongea. Na kusema kweli, leo nilipoketi mezani nilikuwa nimeketi kuandika ombi hilo. Ukurasa wa kwanza niliuchana.

Kwa hiyo nadhani nitarudi, na mkono mtupu haulambwi, najua. Akina mama wa kanisa walioniombea watauliza, na sina cha kuwaambia. Nikibaki huku, nitabaki kwa kukuuza. Nikirudi, kicheko kitabaki huku bila hata mtu mmoja anayejua ni cha nani. Nimelifikiria jambo hili kwa kila upande, Mama, sioni mlango.

Nisalimie Akinyi, kama atakubali salamu zangu, na wanawe wawili. Msalimie Mjomba wa Vihiga, umwambie ile redio yake sijaisahau. Msalimie na mama wa chapati, jirani yako wa meza, na usimnyime nyongeza yake kwa sababu yangu.

Nimebakiza neno moja. Sitakupigia mpaka barua hii ikufikie; Jumapili itakayofuata nitakupigia kama kawaida. Nakujua, huanza kucheka kabla hata sijasema kitu. Safari hii nakuomba usicheke. Simu yangu inarekodi, kibali kinaisha, na mimi si mtu imara kama ulivyodhani. Hata nikikukumbusha viatu vya Baba, Mama, usicheke.

Ni mimi mwanao,
Ochieng'